UZI: Nimebeba jina la baba mdogo aliyekufa vita ya Kagera, sasa namuulizia alikuwa mtu wa namna gani

#1 mtu_wa_bara (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu. Huu uzi ntauandika kwa vipande, ni mrefu na mengine bado nayakusanya, mnivumilie.

Mi ni mtu wa Mara, kijiji chetu kiko huku bara mbali na ziwa, watu wa ng'ombe, mtama na pamba kidogo. Nimezaliwa 1981 nikapewa jina la baba mdogo, mdogo wake baba tumbo moja, aliyekufa vita ya Kagera. Kwetu ukipewa jina la mtu umepewa na nafasi yake. Bibi mpaka anaingia kaburini alikuwa ananiita "mwanangu", hajawahi kuniita mjukuu, na mjane wake yule baba mdogo, ambaye kwangu ni mama mdogo, mpaka leo nikifika kwake anasema "mwenye nyumba karudi" na kiti chenye mgongo kinatolewa ndani nakalia mimi hata kama kuna wazee wamekaa kwenye vigoda. Nimekua hivyo miaka 40 na ushee. Ungeniuliza huyo mtu alikuwa nani ningekujibu alikufa Uganda, alikuwa mwanajeshi, shujaa, basi, hapo nimemaliza kila ninachojua.

Sasa miezi kadhaa iliyopita nikapata safari ya Bukoba, tukapita lile daraja la Kigongo–Busisi, Geita, Chato, tulipofika Muleba nikakumbuka baba aliwahi kusema mdogo wake kazikwa Kaboya, kwenye makaburi ya mashujaa wa vita hiyo. Nikamuomba dereva. Pale ni eneo la jeshi, hauingii tu kama shambani kwenu, nikajieleza, wakanielewa, kijana mmoja akanisindikiza. Makaburi yamepangwa mistari, na kuna mnara mweupe una majina. Nikaanza kusoma kuanzia juu. Wakuu, nilipofika kwenye jina langu miguu iliisha nguvu, maana limeandikwa vilevile kama lilivyo kwenye kitambulisho changu, herufi kwa herufi. Yule kijana aliyenisindikiza akaniuliza "ni baba yako?" nikasema ndiyo. Akaniuliza alikuwa kikosi gani, sijui. Alikuwa na miaka mingapi, sijui. Nikaona aibu, nikatoka pale nikampigia baba simu nikiwa bado barabarani, nikamuuliza baba, hivi mdogo wako alikuwa mrefu au mfupi?

Baba akakaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekata. Alafu akasema "mbona hujawahi kuniuliza."

Kwaiyo nimeanza kuuliza. Kijijini kwetu walikwenda kumi na moja, wanne hawakurudi. Nataka niandike hao wanne walikuwa watu gani kabla ya vita.

#2 mtu_wa_bara (mleta uzi)

Naendelea. Kwa wadogo zetu ambao vita hii wameisikia juu juu: Oktoba 1978 jeshi la Idi Amin liliingia Kagera, likakamata eneo lote la kaskazini ya mto, tarehe 1 Novemba wakatangaza eti ni sehemu ya Uganda, tarehe 3 wakalipua daraja la Kyaka. Mwalimu alikuwa ameshatangaza vita tarehe 2, ile hotuba ya uwezo tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Jeshi la wakati ule lilikuwa dogo, ikabidi waitwe polisi, magereza, JKT na mgambo wa vijijini, na hapa ndo kijiji chetu kinaingia, maana wengi wa wale kumi na moja walikuwa wanamgambo, watu waliokuwa wanafanya gwaride jioni kiwanja cha shule kesho yake wapo shamba.

Baba anasema hotuba waliisikilizia duka la ujamaa, redio ya kijiji, watu wamejaa mpaka nje. Baba mdogo hakuwepo kwenye kusikiliza. Alikuwa nyuma ya duka anaziba pancha.

Huyu mtu alikuwa fundi baiskeli! Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuniambia. Mtu anaambiwa baba yako mdogo alikuwa komando, alikuwa hivi alikuwa vile, kumbe alikuwa na kiboksi cha mbao kina solution, kipande cha msasa, spana mbili na pampu, anakaa chini ya mwembe karibu na ghala la pamba. Msimu wa pamba ndo alikuwa anapata hela. Na usiku alikuwa anafundisha kisomo cha watu wazima, wamama na wazee wanajifunza a e i o u kwa taa ya kandili, mwalimu mwenyewe kaishia darasa la saba. Kuna bibi hapa kijijini anajua kuandika jina lake kwa sababu ya huyo mtu, nimemkuta, kaniandikia kwenye karatasi akaniambia hii "r" yangu imelala hivi kwa sababu yake ilikuwa inalala hivyo.

Alikuwa mfupi. Hicho ndo kitu cha kwanza baba alinijibu. Mfupi, mweusi sana, na akicheka anaziba mdomo na mkono kwa sababu jino la mbele lilivunjikia kwenye mnyororo wa baiskeli.

#3 Ziwani_Rorya

Mkuu endelea, nimesoma nimesimama. Sisi huku Rorya kwa Wajaluo mtu akifia mbali na mwili haukuja tunazika tunda la mwegea, lile refu kama soseji, linazikwa kama mtu na matanga yanafanyika. Kwetu kuna kaburi la hivyo la mjomba, vita hiyohiyo. Nilikuwa nachezea pale utotoni sijui kwamba ndani hakuna mtu. Nyie mlizika nini?

#4 mtu_wa_bara (mleta uzi)

Mkuu asante. Sisi walizika shati lake la kitenge na jembe. Spana hawakuzika, bibi alikataa, alisema ikitokea karudi atafanyia nini kazi. Nafkiri hiyo inakwambia kila kitu kuhusu bibi, barua imeshaletwa na balozi wa nyumba kumi, imesomwa mbele ya watu, tanga limekaliwa, na bado moyoni kaacha mlango wazi. Zile spana ziko mpaka leo.

#5 Missenyi77

Mleta uzi naheshimu sana unachofanya, nina neno moja tu naomba lisichukuliwe vibaya. Mimi ni wa Missenyi, ng'ambo ya mto, kule vita ilipotukuta ndani ya nyumba. Kwetu waliokufa wengi hawakuwa na gwanda. Wale askari wa Amin walikuja wakachukua ng'ombe, mabati, mitambo ya kiwanda cha sukari, wakaua watu mashambani, wengine wakachukuliwa kwenda Uganda. Raia waliouawa wanatajwa kuwa kama 1,500. Bibi yangu mzaa baba alikimbia na watoto watatu akafika upande wa pili wa mto na wawili. Yule wa tatu hayupo kwenye mnara wowote. Kila tarehe 25 Julai nikiona gwaride na mkuki na ngao pale kwenye mnara wa mashujaa nashukuru, kabisa nashukuru, wale vijana wa Mara na Songea na Dodoma walikuja kufa kwa ajili yetu. Lakini kijiji changu hakina cha kusoma.

#6 mtu_wa_bara (mleta uzi)

Siwezi kuchukulia vibaya ndugu yangu. Ulichoandika ndo hasa. Pole kwa huyo mtoto. Mwandike na yeye, hapa hapa kama unaweza, alikuwa anapenda nini, alikuwa analia usiku au halii, chochote ambacho bibi alikisema.

#7 Missenyi77

Alikuwa na miaka minne. Bibi alikuwa anasema alikuwa hapendi kubebwa mgongoni, anataka atembee mwenyewe. Siwezi kuendelea hapo mkuu.

#8 mtu_wa_bara (mleta uzi)

Wakuu nilipumzika siku mbili baada ya hiyo comment ya Missenyi.

Wa pili. Huyu alikuwa mwanajeshi wa kazi, koplo, aliingia jeshini kabla vita haijafikiriwa. Likizo alikuwa anakuja na mchele na vitenge vya kugawa, na alikuwa mpigaji wa litungo, ile ala yetu ya nyuzi, mzuri kuliko wote kata nzima, hili nimeambiwa na watu watano tofauti bila mimi kuuliza. Harusi zilikuwa zinasubiri likizo yake. Mzee mmoja aliniimbia kipande cha wimbo wake, wa kumsifia ng'ombe wao mwenye pembe moja iliyoinama, na akaishia katikati kwa sababu sehemu iliyobaki hakuna anayeikumbuka tena.

Sasa huyu ndo amenipa shida. Kijiji kizima kinajua alikufa Masaka kwa bomu, na watoto wake wamekua na hiyo. Nimekaa na mtu aliyekuwa naye kikosi kimoja, akanitoa pembeni akaniambia ukweli ni kwamba lori lilipinduka usiku, linaendeshwa bila taa kwa ajili ya adui, wakiwa wameshapita Mutukula, na koplo alikuwa amekaa juu ya maboksi ya risasi. Na akasema hao wa ajali walikuwa wengi tu ila hakuna familia inayotaka kuwa na mtu wa ajali.

Nilimfuata binti yake, sasa ni mama wa makamo, nikamwambia. Pengine nilikosea kumwambia, sijui, nimelifikiria sana. Alikaa kimya akaendelea kupepeta mtama, alafu akaniuliza swali moja tu, "alikufa palepale au aliteseka?" Nikasema palepale, ndivyo nilivyoambiwa. Akasema basi andika.

Mimi kwa maoni yangu yule ni shujaa sawa na wa bomu. Alikuwa kwenye lori hilo kwa sababu ya vita, taa zilizimwa kwa sababu ya vita, tofauti iko wapi.

#9 mjukuu_wa_veterani

Nipo na babu hapa, alikuwa vitani, namsomea uzi huu na yeye ananiambia nijibu. Anasema: mwambie huyo kijana aandike pia kwamba watu waliogopa. Anasema Machi 1979 pale Lukaya, ndani ya Uganda, usiku ule Walibya waliokuja kumsaidia Amin walipovurumisha yale makombora, brigedi yao ilivunjika, watu walikimbia kwenye matope, wengi ni mgambo ambao walikuwa hawajawahi kusikia kitu kama kile maishani, na yeye alikimbia. Asubuhi wakakusanywa wakarudi na wakapigana na wakashinda. Anasema rafiki yake alikufa kesho yake akiwa amerudi kwa miguu yake mwenyewe na bado alikuwa anatetemeka. Anasema mkiandika hawakuogopa mtakuwa mnaandika watu wengine sio wale anaowajua yeye.

Huyo rafiki yake alikuwa mvuvi wa kutoka upande wa Majita na alikuwa anamdai babu sigara. Kasema niandike na hiyo.

#10 mtu_wa_bara (mleta uzi)

Shikamoo nyingi kwa babu. Mwambie nimeandika, kwenye daftari, kama alivyosema.

#11 msomaji_wa_Nakuru

Salamu kutoka Kenya. Yetu ni ya zamani zaidi lakini ni kitu kimoja. Babu mzaa mama alichukuliwa kuwa askari wa mizinga, East African Artillery, wakapakiwa Mombasa Februari 1944 kwenda Ceylon ndio waende Burma kupigana na Wajapani. Meli yao Khedive Ismail ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldives tarehe 12, ikazama kwa muda usiofika dakika mbili. Walikufa 1,297, na wengi wao ni hawa vijana wa mizinga wa Afrika Mashariki, kuna Wakenya, Waganda, Watanganyika. Kwaiyo mtu wa bara angalia, hata Mara inawezekana kuna boma lilipoteza mtu kwenye meli hiyo.

Sisi tulipata jina lake Nairobi, pale makaburi ya vita Ngong Road kuna ukumbusho wa wale wasio na kaburi. Nilimpeleka mamangu akiwa na miaka sabini na kitu. Alikuwa tumboni babake alipoondoka. Alipapasa ile jina kwa kidole akasema "sasa nimemshika." Lakini vile unauliza alikuwa mtu wa aina gani, sisi tumechelewa, aliyemjua hayuko. Kitu pekee kimebaki ni kwamba hakuwa anakula mayai. Wewe uko na bahati ya watu wako bado wako hai, usilale.

Na hao wamepata hata jina. Wapagazi wa vita ya kwanza, hao wa Carrier Corps waliotuachia jina la Kariokor hapa na Kariakoo kwenu, wengi hata jina hawana. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikubali 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wakiwa Waafrika.

#12 mtu_wa_bara (mleta uzi)

Dah. Hakuwa anakula mayai. Asante sana ndugu, hiyo ni kubwa kuliko unavyofikiri.

Umenisukuma kwa wa tatu, maana huyu ndo ananiumiza kuliko wote na ana maneno machache. Alikuwa kijana wa JKT, miaka kumi na tisa au ishirini. Hakuoa, hakuacha mtoto, picha hana, mama yake alifariki miaka ya themanini, na kwa vile alikuwa hajaoa hakuna hata aliyepewa jina lake. Nimezunguka wiki nzima. Nilichopata: alikuwa anatumia mkono wa kushoto, alikuwa anakimbia sana, na siku moja ng'ombe wa shule walipotoroka aliwafuata mpaka akalala nao porini akarudi nao asubuhi wote. Mzee aliyeniambia hili la ng'ombe alianza kwa kusema "sina cha kukwambia, yule alikuwa mtoto tu."

Nimemtengea ukurasa mzima na umejaa robo. Sitaki kuujaza maneno ya kwangu.

Wa nne familia yake ililetwa hapa na Operesheni Vijiji 1974, walitoka mbali kidogo, baada ya kifo wakaondoka wakarudi kwao. Kuna anayesema wapo Bunda. Nawafuata mwezi ujao. Kimebaki kiwanja chao na mkonge mkubwa mpakani.

#13 Ziwani_Rorya

Mkuu unawaulizaje wazee mpaka wanafunguka? Mimi nimemuuliza mama kuhusu mjomba kaanza kulia na mimi nikaacha.

#14 mtu_wa_bara (mleta uzi)

Mwanzo nilikuwa nakosea vilevile, naanza na alikufaje alikufa wapi, mtu anarudi siku ya barua anaanza kulia. Sasa naanza na vitu. Alikuwa anakaa upande gani wa moto? Alikuwa anagombana na nani hapa nyumbani? Nani alikuwa anamdai? Alimtongozaje huyu mama? Hapo mtu anacheka kwanza, na akishacheka yupo naye. Kulia atalia, muache alie, usikimbie, kaa hapohapo, mletee maji. Na usiende na simu mkononi unarekodi siku ya kwanza, wazee wetu hawapendi. Mara ya pili muombe.

Na uende kwa wamama. Wanaume wanakupa vita, wamama wanakupa mtu. Mama mdogo wangu aliyehangaika miaka kwenye ofisi nisiyoitaja kufuatilia stahili za mume wake, karatasi hii haipo, njoo kesho, nilidhani ataniambia uchungu huo kwanza. Wala. Kitu cha kwanza kaniambia "alikuwa anaosha miguu kila siku kabla ya kulala hata kiangazi maji ya shida, nilikuwa namgombeza."

#15 Missenyi77

Nimempigia shangazi. Tumeongea saa nzima. Nitaandika yangu uzi wake, nikishakuwa tayari.

#16 mtu_wa_bara (mleta uzi)

Tunakusubiri ndugu, bila haraka.

Wakuu nina kipya. Juzi mama mdogo alifungua sanduku lake la bati, lile ambalo watoto tulikuwa haturuhusiwi kuligusa, akatoa daftari. Daftari la madeni la baba mdogo. Limeliwa na mende pembeni lakini linasomeka, mwandiko wake, kweli ile "r" imelala. Kila ukurasa ana jina la mtu, kazi, na hela. Pancha mbili, senti hamsini. Spoku tatu. Kukaza breki. Akilipwa anakata mstari, asipolipwa anaacha. Ukurasa wa mwisho ni wa Novemba 1978 na mistari haijakatwa kwa sababu ndo wiki waliyochukuliwa.

Jioni tukakaa nje, baba, mama mdogo, majirani wamekuja, nikawa nasoma majina kwa sauti. Marehemu. Marehemu. Huyu alihamia Mwanza. Marehemu. Nikasoma jina la mzee mmoja wa hapahapa, umri umekwenda macho yanaona kwa shida, alikuwa amekaa pale pale na fimbo yake, nikasema huyu hapa anadaiwa shilingi moja na senti ishirini, mpira wa ndani. Watu wakataka kucheka.

Mzee akasimama. Akasema, "hiyo nilimlipa. Nilimlipa kuku, jogoo mwekundu, asubuhi ile wanapanda lori, alinambia atakata akirudi." Akanyoosha mkono nimpe daftari. Nikampa na kalamu, mama mdogo akamshikia kidole chake akakiweka kwenye mstari wenyewe, na mzee akakata.